Nambari 2 iliyotoka Michigan: safari ya kupima ini bila kulidunga

Leo hakuna PHP wala hifadhidata. Leo ni ini. Usinikimbie bado, kwa sababu humu ndani mna fomula, mna vizingiti, mna toleo la kwanza na toleo la tatu, na mna hitilafu moja iliyokaa kwenye mfumo miaka 21 kabla ya kurekebishwa, huku watu wakiwa foleni. Mimi si daktari na haya si maagizo ya matibabu. Ninachokijua ni nambari: jinsi zinavyozaliwa mahali fulani, kutokana na watu fulani, kisha zinaingia kwenye mashine na kuonekana kana kwamba zilishuka kutoka mbinguni.

Historia hii naianzia Paris, mwaka 1819. Daktari René Laennec alitoa kitabu kuhusu chombo alichokibuni miaka mitatu nyuma, yaani stethoskopu, kile kidude ambacho kila daktari wa sinema hukining'iniza shingoni. Ndani ya kitabu hicho hicho, kwenye tanbihi tu, aliupa jina ugonjwa aliokuwa akiukuta akipasua maiti: ini lililosinyaa, gumu, limejaa vinundu vya rangi ya manjano inayoelekea hudhurungi. Jina alilitoa kwenye neno la Kigiriki linalotaja rangi hiyo, kirrhos. Ndipo tukapata sirosisi.

Hapo pana kichekesho. Mtu mmoja, kitabu kimoja. Kifua alikitafutia njia ya kukisikiliza bila kukifungua. Ini akalipa jina la rangi, tena rangi ambayo huwezi kuiona mpaka mwenye ini awe amelazwa juu ya meza ya mochari.

Kabla sijaendelea, nieleze kinachotisha kwenye ugonjwa huu. Damu inayotoka matumboni na kwenye wengu hupitia ini kwanza, ndipo irudi moyoni. Ini likijaa makovu, iwe ni kwa pombe, kwa virusi vya homa ya ini vya aina ya B au C, au kwa mafuta, damu hiyo hupita kwa shida na shinikizo linapanda nyuma yake. Damu haikubali kukaa foleni. Inatafuta njia za panya, kama matatu zinavyokata kupitia mitaani barabara kuu ikifungana. Njia moja ya panya ni vijishipa vya umio, ule mrija wa kupitishia chakula. Vijishipa hivyo havikuumbiwa mzigo huo. Vinavimba, na siku moja kimoja kinapasuka, na mtu aliyekula chakula chake cha jioni vizuri anaanza kutapika damu usiku. Hata leo, pamoja na dawa na vifaa vyote, kati ya watu 100 wanaovuja damu hivyo takriban 15 hadi 20 hufariki ndani ya wiki 6. Kuna matatizo mengine pia: maji kujaa tumboni, akili kuvurugika kwa sababu ya sumu ambazo ini limeshindwa kuzisafisha, na saratani ya ini yenyewe.

Na ukijua mapema unaweza kufanya kitu. Mwaka 1980 Didier Lebrec na wenzake nchini Ufaransa walionyesha kwamba propranololi, dawa ya moyo iliyokuwapo tayari na isiyo ghali, inashusha shinikizo hilo. Kwa hiyo swali la nani ana shinikizo kabla hajavuja si swali la udadisi. Anayejulikana mapema anapewa tembe. Asiyejulikana anapelekwa hospitali na gari la jirani saa nane za usiku.

Njia za kujua zilikuwapo, ila zote zilitaka kuingia mwilini. Sindano ndiyo kongwe. Paul Ehrlich aliitumia kuchota chembe za ini mwaka 1883, na mwaka 1958 Mwitaliano Giorgio Menghini akaleta mbinu ya sekunde moja iliyoifanya iwe kazi ya kila siku. Lakini kipande kinachotoka ni kama sehemu 1 kati ya 50,000 ya ini lote. Ni sawa na kusoma mistari 2 ya programu yenye mistari 100,000, halafu uandike ripoti kwamba programu nzima iko salama. Kisha kuna mrija. Mwaka 1951 Jack Myers na Jape Taylor walipitisha mrija ndani ya mishipa hadi kwenye ini, wakaziba mshipa mdogo na kusoma shinikizo lililokuwa nyuma yake. Kutokana na njia hiyo ndipo ilipojulikana baadaye kwamba tofauti ya shinikizo ikifika milimita 10 za zebaki mishipa ya umio huanza kujitokeza, na ikifika 12 inaweza kupasuka. Ni nambari safi sana hizo mbili, lakini kuzipata kunahitaji chumba maalum, eksirei na mtaalamu aliyezoea. Ya tatu ni endoskopi, ile kamera ya kumeza, ambayo angalau inaiona mishipa yenyewe. Shida yake ni kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wa sirosisi ambao bado hawajaanza kuzidiwa hawana mishipa iliyovimba. Wanameza kamera, wanaambiwa hamna kitu, rudi baada ya miaka 2 au 3.

Mwaka 1964 madaktari wawili wa upasuaji wa Chuo Kikuu cha Michigan, Charles Child na Jeremiah Turcotte, walitaka kujua ni mgonjwa yupi ataweza kustahimili upasuaji wa kupunguza shinikizo. Wakachukua mambo matano yaliyokuwa yakijulikana tayari pale kitandani: bilirubini, albumini, maji tumboni, hali ya akili na hali ya lishe. Wakawagawa wagonjwa katika A, B na C. Mwaka 1973 Pugh na wenzake wa London wakaondoa lishe, wakaweka muda ambao damu inachukua kuganda, na kila jambo likapewa alama 1 hadi 3. Jedwali hilo linatumika mpaka leo duniani kote, na sikulaumu ukishangaa, maana vipimo viwili kati ya vitano ni vya macho tu. Maji "kidogo" ni kiasi gani? Daktari wa asubuhi atasema kidogo, wa jioni atasema wastani, na mgonjwa amehama kutoka B kwenda C bila kuinuka kitandani.

Watu wa tarakilishi tunapenda mahali hapa, kwa sababu ndipo fomula halisi zinapoingia. Mwaka 2000 kikundi cha Mayo Clinic, Marekani, kilitoa hesabu iliyotokana na wagonjwa 231 waliokuwa wamewekewa kijibomba ndani ya ini ili damu ipate njia. Lengo lilikuwa kutabiri nani atafariki mapema baada ya kuwekewa. Hesabu hiyo ikaja kuitwa MELD, na umbo lake lililozoeleka ni hili:

MELD = 3.78 × ln(bilirubini) + 11.2 × ln(INR) + 9.57 × ln(kreatinini) + 6.43

INR ni kipimo cha damu kuganda, kreatinini ni cha figo. Hakuna jicho la daktari humo. Na tazama ufundi wake wa kinyumbani: thamani yoyote iliyo chini ya 1 inageuzwa kuwa 1, kwa sababu bila hivyo logi inakuwa hasi na alama zinaharibika. Kila aliyewahi kuandika programu anaujua mstari huo.

Tarehe 27 Februari 2002 Marekani ikaanza kutumia MELD kugawa maini ya kupandikiza. Zamani ngazi zilikuwa chache na muda wa kusubiri ulihesabiwa sana, kwa hivyo aliyewahi kujiandikisha alikuwa na faida hata kama hakuwa mgonjwa zaidi. Sasa ikawa alama, kutoka 6 hadi 40, na mwenye alama nyingi ndiye wa kwanza. Ilikuwa haki zaidi kuliko mwanzo, hilo nalikubali kabisa. Lakini fanya hesabu nami. Mgonjwa ana bilirubini 3, INR 1.5 na kreatinini 1.0. Anapata alama 15. Mwingine yuko vile vile kwa bilirubini na INR, ila kreatinini yake ni 1.4. Anapata 18. Alama tatu kwenye foleni ile si mchezo. Sasa kreatinini inatokana na misuli. Mwanamke kwa kawaida ana misuli michache kuliko mwanamume, kwa hiyo figo zao zikiwa zimechoka sawasawa, kreatinini ya mwanamke husomeka chini. Fomula ikamwona mzima kuliko alivyo. Wanawake wakawa wanafia kwenye foleni zaidi ya wanaume, na wanapata ini mara chache zaidi.

Hakuna aliyekaa akakusudia hilo. Lilikuwa limejificha ndani ya kigezo kilichoonekana hakina jinsia. Januari 2016 Marekani iliongeza sodiamu kwenye fomula, na la wanawake likabaki. Ni toleo la 3.0, lililoanza kutumika Julai 2023, ndilo lililomwongezea mwanamke alama 1.33 na kuingiza albumini. Miaka 21. Nimeona mifumo ya kibiashara ikirekebishwa ndani ya siku moja kwa sababu risiti zilikosea senti.

Basi tuiache foleni, turudi kwenye mishipa ya umio, maana huko ndiko kulikotokea jambo ninalolipenda zaidi kwenye historia hii nzima. Nyota wake ni kitu cha bei rahisi kabisa: chembe sahani, vile vijichembe vya damu vinavyosaidia kugandisha kidonda. Hospitali ikikutoa damu ya kipimo cha jumla, hesabu ya chembe sahani iko kwenye karatasi hiyo hiyo, umeomba usiombe. Mtu mzima mwenye afya huwa na takriban bilioni 150 hadi 400 kwa lita. Ini likibanwa, wengu unarudishiwa damu, unavimba, na unazizuia chembe hizo ndani yake. Zaidi ya hayo ini ndilo linalotengeneza homoni inayouamuru uboho utengeneze chembe sahani, na homoni hiyo haikutambuliwa mpaka mwaka 1994. Ini likichoka, amri inapungua. Kwa hiyo nambari moja inabeba habari mbili: shinikizo na uchovu wa ini. Ilikuwa imekaa kwenye karatasi miaka yote, imeandikwa, imetiwa sahihi, na kufungiwa kabatini.

Mwaka 2003 watu wawili waliichomoa, kila mmoja kivyake. Huko Genoa, Italia, Edoardo Giannini na wenzake waligawanya chembe sahani kwa urefu wa wengu katika milimita, ambao unaonekana kwa picha ya kawaida ya ultrasaundi. Jibu likiwa chini ya 909, shuku mishipa. Likiwa juu, pengine kamera ingoje. Nayo Michigan, chuo kile kile cha Child na Turcotte, Chun-Tao Wai na kikundi cha Anna Lok walitoa hii:

APRI = (AST ÷ kikomo cha juu cha AST cha maabara) ÷ chembe sahani × 100

AST ni kimeng'enya kinachovuja chembe za ini zikiumia. Miaka mitatu baadaye, 2006, Richard Sterling na wenzake wakatoa nyingine wakitumia data za watu waliokuwa na virusi vya UKIMWI pamoja na homa ya ini ya C:

FIB-4 = (umri × AST) ÷ (chembe sahani × kipeuo cha pili cha ALT)

Hii ya pili ina kasoro unayoiona hata bila digrii ya udaktari: umri unazidishwa moja kwa moja. Mzee wa miaka 70 anaweza kuitwa mgonjwa kwa sababu tu amejaliwa kuishi, na kijana wa 28 akaitwa mzima. Mwaka 2017 kikundi cha Uingereza kikapendekeza kizingiti cha chini kipandishwe hadi 2.0 kwa waliovuka miaka 65, na kikaonya kwamba chini ya 35 isitegemewe.

Ufaransa walikuwa wamewatangulia. Mwaka 2001 Thierry Poynard na wenzake, Paris, walichapisha FibroTest, yenye vipimo vitano vya damu pamoja na umri na jinsia. Inafanya kazi vizuri, lakini ina hataza, inauzwa, na baadhi ya vipimo vyake si vya kila maabara. APRI na FIB-4 zilitolewa bure, zikachapishwa wazi, na zinahesabika kwa kikokotoo cha rununu. Unajua jinsi mambo yanavyokwenda kati ya programu ya kulipia na programu huria. Zile za bure ndizo zilizofika hadi zahanati za kijijini, pamoja na kasoro zao zote.

Mfaransa mwingine alikuja na njia tofauti kabisa. Laurent Sandrin, aliyetoka kwenye maabara ya mawimbi ya Paris, alikuwa miongoni mwa walioanzisha kampuni ya Echosens mwaka 2001, na mwaka 2003 wakachapisha kuhusu kifaa kinachoitwa FibroScan. Umemwona muuza matunda akigonga tikiti maji ili ajue limeiva? Ndivyo hivyo. Kifaa kinagonga ubavu mara moja kwa mtetemo wa hezi 50, kisha ultrasaundi inalifuata wimbi likisafiri ndani ya ini. Kigumu hupitisha wimbi haraka. Wimbi likienda mita 2 kwa sekunde, ugumu ni kilopaskali 12. Likienda mita 3, ni 27. Hakuna damu, hakuna sindano, na linachunguza eneo kubwa kuliko kipande cha biopsi kwa mara kama 100. Ila lazima uwe hujala kwa angalau saa 3, maana chakula huongeza damu kwenye ini na kulifanya gumu kwa muda. Na mwenye maji tumboni hapimiki kwa kifaa cha kawaida, kwa sababu wimbi la namna hiyo halipiti majini. Yaani kinamshindwa yule ambaye tayari amezidiwa, ambaye pia hahitaji kifaa kuambiwa kwamba amezidiwa.

Nambari za damu na nambari za mtetemo zilikutanishwa kwenye mji mdogo wa Baveno, kando ya ziwa kaskazini mwa Italia. Tangu 1990 wataalamu wa shinikizo la ini hukutana kwa jina la mji huo kila baada ya miaka kadhaa na kutoa makubaliano. Mkutano wa sita, 2015, ulisema hivi: ugumu ukiwa chini ya kilopaskali 20 na chembe sahani zikiwa zaidi ya 150, usimmezeshe mgonjwa kamera, kwa sababu uwezekano wa kukosa mishipa ya hatari ni chini ya 5 kwa 100. Sentensi moja, na watu wengi wakaepushwa na kamera ambayo isingeona kitu.

Halafu swali lenyewe likabadilika, na hapa naomba usome polepole. Mwaka 2019 utafiti wa Hispania uitwao PREDESCI, wa watu 201, ulichukua wagonjwa waliokuwa na shinikizo la kuanzia 10 lakini bado hawajazidiwa. Nusu walipewa propranololi au kavediloli, nusu wakapewa tembe tupu. Walioanza kuzidiwa au kufariki walikuwa 16 kwa 100 upande wa dawa, na 27 kwa 100 upande wa pili. Faida kubwa ilikuwa kwenye maji ya tumboni, si kwenye kuvuja damu pekee. Maana yake ni nini? Maana yake si lazima tena kuitafuta mishipa ya umio. Tafuta shinikizo, anza dawa. Mkutano wa saba wa Baveno, 2021, ukaandika hivyo: ugumu wa 15 au chini pamoja na chembe sahani 150 au zaidi, shinikizo la hatari halipo, ugumu wa 25 na zaidi, lipo. Katikati hapo ndipo wataalamu wanaendelea kubishana.

Nisiisahau akili, kwa sababu huko kipimo ni cha ajabu. Mwaka 1949 Raymond Adams na Joseph Foley wa Boston walieleza ishara ya mgonjwa anayenyoosha mikono na viganja vikapigapiga kama mbawa. Hiyo ni ya aliyekwisha kuvurugika. Anayeanza tu kuvurugika anaongea vizuri, anaendesha gari, na ndiye hatari. Mwaka 2013 Jasmohan Bajaj na wenzake, Marekani, walitoa programu ya rununu iliyojengwa juu ya jaribio la rangi la Stroop la mwaka 1935: neno "nyekundu" limeandikwa kwa bluu, wewe taja rangi ya wino, haraka. Na mwaka 2017 kikundi cha Padua kikaenda hata bila rununu: mwambie mgonjwa ataje wanyama wengi awezavyo kwa sekunde 60. Akifikisha 15 yuko sawa. Chini ya 10 ni dalili mbaya. Nimejaribu kwa marafiki, na wote walianza na ng'ombe, mbuzi, kondoo, kisha wakakwama wakiwaza kama kuku ni mnyama. Kwa Kiswahili kuku ni ndege! Wataliano wenyewe waliweka marekebisho kwa wazee sana na kwa waliosoma miaka michache, maana walijua kwamba 15 yao ni 15 ya watu wao.

Hilo ndilo linaloturudisha Michigan. Ile APRI ya 2003 ilitokana na wagonjwa 192, ikahakikiwa kwa 78 wengine, na wote walikuwa na homa ya ini sugu ya aina ya C. Kizingiti cha kusema "hii ni sirosisi" kilikuwa zaidi ya 2. Afrika kusini mwa Sahara tatizo kubwa zaidi ni aina ya B, ambayo wengi huipata utotoni na hukaa nayo miongo mingi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa tiba ya aina ya B, likitafuta kipimo ambacho zahanati yoyote inaweza kukimudu. Likachukua APRI, na ile 2 ikaja nayo. Ukizidi 2, unapewa dawa mara moja. Usipozidi, na huna dalili za wazi, ilibidi upitie njia nyingine, iliyotaka ALT iwe juu na wingi wa virusi upimwe, kipimo ambacho zahanati nyingi hazina.

Onyo la kwanza lilitoka Gambia na Senegali mwaka 2016. Maud Lemoine na wenzake walipima wagonjwa wa aina ya B wa Afrika Magharibi na kuona kwamba kugawanya GGT, kimeng'enya kingine, kwa chembe sahani kunafanya kazi kuliko APRI na FIB-4. Walipojaribu kwa wagonjwa wa Ufaransa, tofauti hiyo haikuonekana. Fomula zile zile, ugonjwa ule ule, watu tofauti. Kisha mwaka 2023 mtandao wa HEPSANET ukaunganisha data za watu 3,548 kutoka nchi 8 za Afrika na kulinganisha APRI na mtetemo wa FibroScan. Jibu lao lilikuwa kwamba 2 iko juu mno kwetu. Kizingiti kilichofaa kuthibitisha kilikuwa 0.65, na hata hicho kinawakamata zaidi kidogo tu ya nusu ya wenye sirosisi. Si robo ya tofauti, si nusu. Ni theluthi moja ya nambari iliyokuwa ikitumika.

Mchukue mtu wa kubuni wa miaka 35 mwenye homa ya ini ya B: AST 48, ALT 36, chembe sahani 160, na kikomo cha maabara 40. APRI yake ni 0.75. Kwa mwongozo wa 2015 alikuwa mbali sana na 2, angeambiwa aendelee kuja kliniki. Mwezi Machi 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya, likashusha kizingiti cha sirosisi hadi 1 na kuruhusu dawa kuanzia juu ya 0.5. Mtu yule yule, damu ile ile, sasa anaanza tembe.

Kwetu Kenya kuna jambo jingine ambalo fomula hizi haziwezi kulijua zenyewe. Malaria hushusha chembe sahani. Na kichocho cha matumbo, ambacho watu wa kandokando ya Ziwa Viktoria wanakijua sana, huweka makovu kuzunguka mishipa inayoingia kwenye ini. William Symmers aliyaeleza makovu hayo akiwa Misri mwaka 1904. Mgonjwa wa kichocho anaweza kuwa na wengu mkubwa, mishipa ya umio iliyovimba na chembe sahani chache, na chembe za ini lenyewe zikawa karibu nzima. Hata ule mrija wa 1951 unaweza kumsoma kama mzima, kwa sababu kizuizi chake kiko kabla ya mahali mrija unapopima. Kwake chembe sahani chache ni habari ya kweli kuhusu shinikizo, lakini sirosisi hana.

Kwa wale mnaoandika mifumo ya zahanati, basi, kizingiti kikae kwenye jedwali pamoja na mwaka wake, ugonjwa wake na mwongozo kilikotoka, kisichimbiwe ndani ya programu. Na mwangalie kile kikomo cha AST, ambacho wengi hukiandika 40 na kukisahau. Mtu wetu wa 0.75 akipimwa kwenye maabara ambayo kikomo chake ni 35, APRI yake inakuwa 0.86 bila kitu chochote kubadilika mwilini mwake.